Fidia ya Adhabu Marekani: Jua Fungu la Jimbo Kabla ya Kuhesabu Lako

Ndugu yako wa Portland au Atlanta akipiga simu kwamba ameshinda dola milioni mahakamani, mpe hongera, kisha muulize: ngapi ni fidia ya hasara, ngapi ni fidia ya adhabu? Ya hasara, yaani bili za hospitali, mshahara uliopotea na maumivu, ni yake. Ya adhabu hutozwa ili kumkomesha mkosaji, na baadhi ya majimbo ya Marekani husema kumkomesha mkosaji ni kazi ya umma, kwa hiyo nayo yana fungu.

Halafu uliza kesi ni ya jimbo gani. Mengi hayachukui kitu. Georgia huchukua asilimia 75, lakini kwenye kesi za bidhaa mbovu tu, baada ya kukata sehemu ya gharama na ya wakili. Indiana nayo 75, kwa mfuko wa waathirika wa uhalifu. Missouri nusu, wakili akishalipwa.

Oregon ndiko kunakouma. Jimbo huondoka na asilimia 70. Wakili hulipwa kutoka ile 30 iliyobaki, mradi asizidi asilimia 20 ya fidia yote ya adhabu. Kwa hiyo katika dola milioni moja za adhabu, mteja anaweza kubakiwa na laki moja, na hiyo bado haijakatwa kodi ya serikali kuu. Kabla ya kusaini mkataba, uliza asilimia ya wakili inapigwa juu ya kiasi kipi.

Mkitaka kupatana, fanyeni mapema. Oregon, juri ikishatamka fidia ya adhabu, Idara ya Sheria ya jimbo inakuwa nayo mdai, na hamuwezi kuliruka fungu lake. Hati ya mapatano itaje pesa ni za nini, na itaje ukweli.

Kuipinga sheria yenyewe usikutegemee. Mahakama ya Juu ya Colorado ilifuta fungu la theluthi moja mwaka 1991, ikiliona ni kunyang'anya mali ya mtu. Ila za Georgia (1993), Missouri (1997), Oregon (2002) na Indiana (2003) ziliunga mkono majimbo yao. Mimi naona jimbo lina hoja, lakini asilimia 70 kwa asiyetoa hata senti ya kuendesha kesi ni nyingi mno.

Wakili akikataa kukupigia hesabu hii kwa maandishi, tafuta mwingine.