Kuongeza Betri ya Umeme wa Jua Nyumbani

Ndugu wanafunzi wenzangu, na ninyi mliotutangulia katika shule hii ambao sasa mna nyumba zenu, najua wengi wenu mnatumia paneli za jua, kwa kuwa vijiji vyetu vingi havijafikiwa na nyaya za umeme. Baada ya muda mtu huona taa zinazimika saa tatu usiku, na neno la kwanza analosema ni hili: "Nitaongeza betri." Kwetu, karibu na Koboko, baba alisema hivyo hivyo mwaka 2024, nami nikamwitikia upesi kwa sababu nilijiona fundi wa Fizikia. Nataka kuwaeleza jinsi tulivyokosea.

Kwanza yafaa tuijue betri yenyewe. Ile ya risasi na asidi, ambayo Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859, ina vyumba sita ndani yake, na kila chumba hutoa volti 2 na kidogo. Basi betri iliyojaa, ikiisha kupumzika saa kadhaa, husomeka volti 12.7 hivi. Ikishuka hadi 12.2 imebaki nusu, na hapo yafaa tukome, kwa maana betri ya namna hii ikikaushwa mara kwa mara, chumvi ya risasi huganda juu ya mabamba yake, na haipokei tena chaji kama zamani. Ndiyo sababu ile kontrola iliyo kati ya paneli na betri huzima taa kabla betri haijakauka kabisa. Inaudhi, lakini inaokoa mali.

Sasa niseme kosa langu. Desemba 2022, Argentina na Ufaransa walipocheza fainali ya Kombe la Dunia, kontrola yetu ilizima televisheni mchezo ungali unaendelea. Mimi nikatoa waya wa televisheni kwenye kontrola nikaufunga moja kwa moja kwenye vichwa vya betri. Tukaona hata penalti, majirani wakanisifu. Sikukuu zile zote nikafanya vivyo hivyo. Tangu hapo betri yetu ya ampea-saa 50 haikuwa na nguvu tena.

Baba aliponunua betri mpya ya ampea-saa 100, tuliiunga kando ya ile ya zamani, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ili volti zibaki 12 na akiba iongezeke. (Ukiunga chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, volti huwa 24, nawe utaunguza vyombo vya volti 12.) Wiki ya kwanza tulifurahi. Wiki ya tatu taa zikazimika saa tatu, kama zamani! Mdogo wangu alikuwa anajitayarisha kwa mtihani wa darasa la saba, akarudi kusomea taa ya mafuta, na mama akarudisha simu za watu waliolipa kuchajiwa.

Niliazima mita kwa jirani. Betri zote mbili zilisoma sawasawa, nami nikashangaa, mpaka nilipokumbuka kwamba zikiungwa hivyo hazina budi kusoma sawa. Basi nikazitenganisha jioni moja, nikaziacha bila kazi hadi asubuhi. Ile mpya ilisoma 12.4, na ya zamani 10.5. Zimepungua volti 2, yaani chumba kimoja kimekufa. Kila usiku ile mbovu ilikuwa inainyonya ile nzima. Kwa hiyo usiunge betri kuukuu na mpya pamoja, wala zenye ukubwa mbalimbali.

Lakini hata baada ya kuitoa ile mbovu, hesabu ilikuwa bado. Taa zetu 4 za wati 5, kwa saa 5, hula wati-saa 100. Televisheni ya wati 30 kwa saa 3 hula 90. Simu kumi za wateja wa mama, karibu 100. Redio, 20. Jumla 310. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na nusu yake ni 600, basi inatosha karibu usiku mbili. Paneli yetu je? Ilikuwa moja ya wati 100. Wakati wa mvua tulihesabu saa 4 tu za jua la maana, yaani wati-saa 400, na robo hupotea njiani. Zabaki 300. Hapo baba alicheka akasema, "Mwanangu, tumejenga kihenge kikubwa, na shamba ni lile lile." Kweli, betri haizai umeme.

Tukanunua paneli ya pili. Wati 200 kwa volti 14 za kuchajia ni zaidi ya ampea 14, na kontrola yetu ilikuwa ya ampea 10, basi nayo tukaibadilisha kwa ya ampea 20. Tulitia fyuzi karibu na kichwa chanya cha betri, na betri tukaiweka penye hewa, kwa kuwa ikichajiwa hutoa gesi inayoshika moto.

Wengine mtauliza juu ya betri za lithiamu na chuma. Ni nzuri kuliko hizi: unaweza kutumia zaidi ya robo tatu ya akiba yake bila kuidhuru, nazo hudumu miaka mingi zaidi. Ila kontrola lazima iwe ya kuzifaa, na bei yake ilitushinda.

Ile betri mbovu tuliipeleka mjini kwa mnunuzi wa betri kuukuu, wala hatukumwaga asidi yake shambani, maana risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Njiani baba aliniuliza kwa nini ilikufa mapema. Nilimjibu kwamba ni uzee. Gazeti hili likifika nyumbani atapata jibu lingine.