Pima Maji Kwanza, Kalamu Baadaye
Somo kwa vikundi: kuomba pesa za maji zinazoshindaniwa



Wengi wenu mmetuuliza: "Mbona wenzetu wanapata pesa za maji, na sisi tunaandika kila mwaka bila kupata kitu?" Basi hilo ndilo somo letu. Mkilisoma kikundini, mmoja asome kwa sauti na mwingine ashike kalamu na karatasi, maana kuna hesabu kidogo.

Kosa langu mwenyewe

Miaka kadhaa iliyopita, kikundi kimoja cha akina mama huku Ukambani kilitaka kuvuta maji ya chemchemi kutoka mlimani hadi kwa familia 90. Tangazo la wafadhili lilitoka, na siku zilizobaki zilikuwa chache. Mimi niliyesomea kazi hii nikaketi usiku, nikaandika ombi peke yangu. Niliandika jinsi akina mama wanavyoteseka, jinsi watoto wanavyochelewa shuleni. Yote yalikuwa kweli. Pesa zikapewa kikundi kingine.

Nilipouliza sababu, niliambiwa: "Hamkusema chemchemi inatoa maji kiasi gani mwezi wa Septemba."

Niliwapelekea akina mama habari hiyo kwa aibu. Mama mwenyekiti akanitazama, akasema: "Mwalimu, Septemba sisi hulala pale chemchemini tukingojea zamu. Hayo tunayajua. Ni wewe hukutuuliza."

Hapo ndipo nilipojifunza. Shida iko kila mahali, na kila ombi linalofika mezani kwa wafadhili linaeleza shida. Anayeshinda ni yule aliyeipima shida yake na akaonyesha kwamba dawa anayoiomba inatoshana nayo.

Jinsi ya kupima

Tulianza upya. Kazi hii inataka mtungi wa lita 20, saa ya mkono na daftari. Elekezeni maji yote ya chemchemi kwenye bomba fupi au bati lililokunjwa, kisha hesabuni mtungi unachukua muda gani kujaa. Pimeni mara tatu, mchukue muda wa katikati. Fanyeni hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima, na hasa mwisho wa kiangazi kirefu kabla mvua ya Oktoba haijaanza.

Matokeo yetu yalikuwa hivi. Mwezi wa Aprili mtungi ulijaa kwa sekunde 40. Hiyo ni lita 30 kwa dakika, au lita 43,200 kwa siku, mchana na usiku. Mwezi wa Septemba mtungi huo huo ulichukua dakika 4. Hiyo ni lita 5 kwa dakika, yaani lita 7,200 kwa siku.

Sasa wekeni watu upande wa pili. Familia 90 za watu 6 ni watu 540. Kila mtu akipata lita 20 kwa siku, kiasi kidogo kabisa cha kunywa, kupika na kunawa, zinahitajika lita 10,800. Kumbe ule mradi wangu mzuri ungekauka kila Septemba! Mabomba yangekuwa ardhini, mifereji ikitoa hewa, na majirani wangeanza kugombana.

Tuliona na jambo la pili. Watu huteka mchana, lakini maji hutiririka usiku pia. Bila tangi, maji ya saa 12 za usiku, lita 3,600 mwezi wa Septemba, mengi yake hupotea mtoni.

Uamuzi mgumu

Lita 7,200 zinatosha watu 360, yaani familia 60. Je, zile 30 zilizobaki? Mkutano ulikuwa moto siku hiyo. Wengine walisema tufiche hesabu ya Septemba, tuandike ya Aprili. Mama mmoja wa ng'ambo ya kilima, ambaye familia yake ilikuwa kati ya zile 30, ndiye aliyekataa. Alisema heri aambiwe ukweli leo kuliko kuchimba mtaro miezi mitatu halafu akose maji.

Basi tukaomba kidogo kuliko mara ya kwanza: ukuta wa kulinda chemchemi, tangi la kukusanya maji ya usiku, na kituo kimoja cha kutekea. Kwa upande wa ng'ambo tuliomba matangi ya kuvuna maji ya paa la shule. Milimita 1 ya mvua kwenye paa la mita mraba 1 ni lita 1. Kwa hiyo paa la mita mraba 200, mvua ikinyesha milimita 300, linapokea lita 60,000, ingawa kiasi fulani hupotea. Tuliambatisha daftari letu la vipimo. Safari hii tulifaulu.

Mambo ya kukumbuka mnapoomba

1. Someni tangazo lote. Pesa hizi ni za nani, za kazi gani, mwisho wa kutuma ni lini? Hapa Kenya, Mfuko wa Sekta ya Maji, unaofanya kazi chini ya Sheria ya Maji ya 2016, unaweza kusaidia huduma za maji kwa maeneo maskini, kazi za jamii za kutunza vyanzo vya maji, na pia utafiti. Ukiomba pesa za kutunza chanzo ukataja mabomba tu, umepotea njia.

2. Tayarisheni karatasi mapema. Cheti cha usajili, katiba, kumbukumbu za mikutano, akaunti ya benki. Mwenye shamba lililo na chemchemi atie sahihi, si kusema kwa mdomo tu. Ulizeni Mamlaka ya Rasilimali za Maji kuhusu kibali, na mwone kama bonde lenu lina chama cha watumiaji maji. Vyama hivyo vinatambuliwa na sheria hiyo hiyo.

3. Hesabuni mchango wenu. Mawe, mchanga na siku za kazi zina bei. Ziandikeni kwenye bajeti.

4. Andikeni nani atatengeneza pampu au bomba likiharibika, na kwa pesa zipi.

5. Msimlipe mtu yeyote anayesema "atasukuma" ombi lenu. Huyo anauza upepo.

6. Mkikosa, ulizeni sababu. Barua ya kukataliwa ikifuatiliwa ni mwalimu.

Watafiti wakija kijijini

Pesa za utafiti mara nyingi hupewa watafiti wa vyuo vikuu na taasisi, kwa mfano kupitia Mfuko wa Taifa wa Utafiti. Lakini mtafiti anahitaji watu wa kupima maji mwaka mzima, na watu hao ni ninyi. Daftari lenu linaweza kuwafanya washiriki, si watu wa kuulizwa maswali tu. Kabla ya kukubali, ombeni kuona leseni yake ya utafiti kutoka Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi. Kisha andikianeni mambo matatu: kazi yenu ni ipi, mtalipwa nini, na lini atarudi barazani kuwasomea matokeo.

Maswali ya kujadiliana

1. Chanzo chetu cha maji kinatoa lita ngapi kwa siku mwisho wa kiangazi? Nani ataanza kupima wiki hii?
2. Tukipata maji yasiyotosha wote, tutaamuaje kwa haki?
3. Nani kati yetu anajua jambo kuhusu maji haya ambalo hatujawahi kumwuliza?

Swali la tatu msiliruke. Mimi nililiruka, na likatugharimu mwaka mzima.