Je, Samaki na Maziwa Hudhuru Vikiliwa Pamoja?

SWALI: Msomaji aliyesikia kwamba Ayurveda hukataza kula samaki pamoja na maziwa anauliza iwapo mchanganyiko huo huvuruga tumbo na kuleta mabaka meupe kwenye ngozi.

JIBU: Ayurveda ni mfumo wa kale wa tiba wenye asili yake India, na mafundisho yake kuhusu vyakula visivyopatana, viitwavyo viruddha ahara, yamefafanuliwa kwa kina katika Charaka Samhita, mojawapo ya vitabu vyake vya msingi. Nguzo ya mafundisho hayo ni agni, yaani moto wa mwilini unaoaminika kukisaga chakula na kukigeuza kuwa damu, nyama na nguvu. Moto huo ukizidiwa, inaelezwa, chakula hubaki hakijaiva tumboni na kuwa ama, masalia mazito yanayoziba njia za mwili na kuzaa maradhi.

Samaki na maziwa, ingawa vyote huhesabiwa kuwa na ladha tamu, husemwa kuwa hugongana kwa sababu maziwa huupoza mwili ilhali samaki huupasha joto, na mgongano huo hudhaniwa kuchafua damu. Katika kundi hilo yamo pia maziwa pamoja na matunda machachu, na asali iliyochanganywa na samli kwa vipimo vilivyo sawa. Hata hivyo, kitabu hicho hicho kinakiri kwamba kijana, mwenye kufanya mazoezi, mwenye mmeng'enyo imara, aliyekizoea chakula hicho au anayekila kwa kiasi kidogo huweza kukila asidhurike. Fundisho hilo lina uzito zaidi kuliko orodha yenyewe, kwa kuwa humtazama mlaji kabla ya kuitazama sahani yake.

Sayansi ya leo haijathibitisha kwamba samaki na maziwa hudhuru vikiliwa pamoja. Kongosho hutoa kwa wakati mmoja vimeng'enya vya wanga, protini na mafuta, na maziwa yenyewe yana protini, mafuta na sukari ndani yake, hivyo mchanganyiko si jambo geni kwa tumbo. Mabaka meupe ya ngozi, yaani vitiligo, hutokea pale kinga ya mwili inaposhambulia seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, wala hayaletwi na mlo huo.

Anayeugua baada ya mlo wa namna hiyo hana budi kutafuta sababu nyingine. Watu wazima wengi hupungukiwa na laktasi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa, hivyo hupata gesi na kuharisha wanywapo maziwa hata bila samaki. Wengine wana mzio wa samaki, na samaki aliyekaa kwenye joto baada ya kuvuliwa hujikusanyia histamini, kemikali inayoiwasha ngozi na kuifanya iwe nyekundu, ambayo haiondoki kwa kupikwa.

Kwa hiyo, mwenye kula vyote viwili na kubaki salama hana sababu ya kuogopa, na anayesumbuka avijaribu kimoja kimoja, siku tofauti, hadi kinachomdhuru kijulikane. Lakini anayevimba midomo au kubanwa pumzi baada ya kula asijaribu tena, bali awahi hospitali mara moja. Vivyo hivyo, anayepungua uzito bila sababu, anayetapika mara kwa mara au anayepata choo chenye damu anahitaji kupimwa na daktari, kwa sababu dalili hizo hazitibiwi kwa kupanga upya vyakula mezani.