Kuchagua Spika za Sebuleni: Sikio Kwanza, Macho Baadaye

Wahenga walinena kwamba si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Ukitaka kuyathibitisha maneno hayo, ingia katika duka lolote la redio hapa jijini Eldoret. Utaziona spika ndefu kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza, zina taa nyekundu na buluu, na ubavuni zimebandikwa wati elfu kadhaa. Je, ndizo nzuri? Hebu tudurusu suala hili pamoja.

Kwetu nyumbani lilizuka baada ya mahindi kuuzwa. Redio yetu ilikuwa nzima, ila spika zake zilikuwa zimechoka. Baba akatenga shilingi 12,000. Kaka yangu akataka kubwa zenye taa. "Hizo ndizo kusema! Zinatetemesha hadi kwa jirani," alisema. Nyanya, ambaye masikio yake yameanza kuzeeka, akajibu, "Mimi nataka kusikia maneno ya taarifa. Hizi zenu zinanguruma tu kama trekta." Pesa kama hizo hatungezipata tena hadi mavuno mengine. Kwa vile mimi nasoma fizikia, baba akanipa kazi ya kuchunguza.

Kwanza, spika hufanyaje kazi? Ndani ya boksi ndogo ya kuwekwa juu ya rafu aghalabu mna koni mbili. Ile kubwa huitwa wufa, nayo hutoa sauti nzito. Ile ndogo huitwa twita, nayo hutoa sauti nyembamba. Nyuma ya kila moja mna waya uliozungushwa karibu na sumaku. Umeme ukipita, waya husukumwa mbele na nyuma, na koni husukuma hewa. Chester Rice na Edward Kellogg wa Marekani walieleza spika ya namna hii mwaka 1925.

Sasa hapa ndipo somo letu la Kiswahili linapoingia. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 hivi kwa sekunde. Mtu akizeeka, sauti za juu ndizo humpotea kwanza. Irabu a, e, i, o, u zina nguvu nyingi upande wa chini. Lakini konsonanti kama s, f, sh na th hutegemea sana sauti za juu. Twita ikiwa mbovu, "thamani" na "samani" huwa neno moja, na "fika" haitofautiani sana na "shika". Ukiongeza sauti ya redio, unaongeza mngurumo tu. Nyanya hakukosa kelele. Alikosa konsonanti!

Basi ukienda dukani chunguza haya:

1. Wati. Usidanganyike na wati zilizoandikwa PMPO. Tafuta zile za RMS, ambazo ni nguvu ya kudumu. Tena geuza redio uangalie nyuma. Ikiwa inakula wati 60 kutoka ukutani, itatoaje wati 1,000 mfululizo? Hata mchawi hawezi.

2. Desibeli. Spika nyingine huandikwa sauti inayotoka kwa wati moja, ukiwa umbali wa mita moja. Kila desibeli 3 zikiongezeka ni sawa na kuzidisha wati mara mbili. Kwa hivyo spika ya desibeli 90 huhitaji robo tu ya wati za ile ya 84 ili zilingane. Kama redio yako haina nguvu nyingi, jambo hili lina maana sana.

3. Omu. Soma nyuma ya redio. Ikisema omu 6 hadi 16, usiifunge spika ya omu 4, maana itavuta umeme mwingi na redio inaweza kuungua.

4. Ukubwa. Katika miaka ya 1970 shirika la BBC la Uingereza lilibuni spika iitwayo LS3/5A, yenye urefu wa sentimita 30 hivi, ili mafundi waisikilize ndani ya magari ya kutangazia nje ya studio. Ilisifika kwa kutoa sauti ya binadamu vizuri. Udogo wa kitu si hoja.

5. Mitumba. Tazama sponji inayoizunguka koni kama imeoza. Kisha isukume koni ya wufa polepole kwa vidole. Ikikwaruza, iache hapo hapo. Twita usiiguse.

Tulimpeleka nyanya dukani. Tukafungulia taarifa ya Radio Taifa ya KBC, naye akafumba macho na kurudia maneno aliyoyasikia. Kwa zile kubwa alikwama mara nyingi. Kwa ndogo za mitumba, zisizo na taa hata moja, alirudia sentensi nzima, kisha akasema, "Hizi zina ulimi." Zikatugharimu shilingi 9,000. Kaka bado hunung'unika kwamba besi ni kidogo, na ni kweli, boksi ndogo haiwezi kutikisa dirisha.

Ukishazifikisha nyumbani, ziweke twita zikiwa sawa na masikio ya aliyeketi. Wewe na spika mbili muwe pembetatu. Usizibane ukutani, la sivyo besi itavimba. Waya mwekundu uende kwa mwekundu na mweusi kwa mweusi, pande zote mbili. Ukigeuza upande mmoja, koni moja itasukuma huku nyingine ikivuta, na besi itapotea. Sakafu ya simiti hurudisha mwangwi, kwa hivyo zulia na mapazia husaidia. Ila mvua ya Eldoret ikianza kupiga mabati, zima tu redio. Hakuna spika ya kushindana nayo!

Kwa hivyo, msomaji, kabla ya kuuliza bei, uliza ni nani atakayesikiliza na anataka kusikia nini. Mwende naye dukani, mfungulie sauti anayoijua vyema, kisha mwachie aamue kwa masikio yake.