Kijiti cha mchai kimenichoma mguu: je, nidungwe sindano?

SWALI: Daktari, tulikuwa tukipogoa chai hapa Kabianga nikakanyaga kijiti kilichokatwa mshazari, kikapenya kandambili hadi unyayoni. Damu ilitoka kidogo tu na kidonda kimeanza kujifunga. Mama mkwe asema pepopunda huletwa na msumari wenye kutu, kwa hivyo nisihangaike. Ni kweli? – Msomaji, Kabianga

JIBU: Pole sana, dada. Nenda kituo cha afya leo hii. Kutu haina kosa. Hatari imo udongoni. Bakteria wa pepopunda, Clostridium tetani, huishi katika udongo kote duniani na katika matumbo ya ng'ombe, nanyi samadi ya zizini mwaitia shambani. Mambo yakiwa magumu hujifungia ndani ya ganda liitwalo spora, likakaa ardhini miaka mingi.

Bakteria huyu hastawi penye hewa. Ndiyo maana tundu lako dogo lenye kina lanitia wasiwasi kuliko mchubuko mpana. Humo ndani spora huamka, ikatoa sumu inayoshika mishipa ya fahamu, misuli ikakaza: mara nyingi taya kwanza, kisha shingo na mgongo.

Tabia hiyo ya bakteria kukwepa hewa iliwasumbua watafiti, wakashindwa kumtenga na bakteria wengine. Mwaka 1889 huko Berlin, Mjapani Kitasato Shibasaburo aliwapasha wote moto. Wengine wakafa, spora zikabaki, naye akazikuza pasipo hewa. Mwaka uliofuata, yeye na Emil von Behring walionyesha kuwa damu ya mnyama aliyekingwa huweza kuizima sumu hiyo. Kinga tulizo nazo leo zimetokana na kazi hiyo.

Osha kidonda kwa sabuni na maji safi yanayotiririka. Usipake majivu wala samadi, nakusihi. Beba kijitabu chako cha kliniki ya wajawazito, kama unacho, maana sindano za pepopunda huandikwa humo. Ikiwa umepata dozi tatu au zaidi na ya mwisho haijatimiza miaka 5, huenda usihitaji nyingine. Ikiwa imepita, utaongezewa moja. Kama hukuchanjwa au hukumbuki, utahitaji chanjo na pia kingamwili.

Dalili huanza kati ya siku 3 na 21. Taya likikaza au ukishindwa kumeza, kimbizwa hospitali kubwa. Na kumbuka, hata aliyewahi kuugua pepopunda akapona hana kinga. Naye pia lazima achanjwe.