Pombe, Muguka na Unga: Maswali ya Wakazi wa Tarasaa

Mnazi unatoka mtini. Mbona uitwe kileo?
Mgema akiushusha asubuhi huwa mtamu, lakini huanza kuchacha papo hapo, na jioni tayari una alkoholi, kemikali inayolewesha. Mwili hautofautishi alkoholi ya mnazi na ile ya chupa ya dukani.

Chang'aa yenye sumu hutambulikaje?
Haitambuliki kwa macho wala kwa ulimi. Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli, yaani spiriti ya viwandani, iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu. Dalili zaweza kuchelewa hadi siku ya pili: tumbo kuuma, kutapika, macho kuona ukungu. Maziwa hayaiondoi sumu hiyo. Msingoje kuche, mpelekeni mgonjwa hospitali ya Ngao na mseme wazi alichokunywa. Ibara ya 43 ya Katiba inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura.

Kijana wetu ni mraibu. Tumfungie ndani mpaka aache?
Hapana, ingawa tunajua wengi hufanya hivyo kwa mapenzi na kwa kukosa la kufanya. Uraibu ni maradhi: ubongo umezoea kileo hata hauwezi kutulia bila hicho. Arosto, yaani mateso ya kuacha kileo, ikiwa ni ya unga (heroini), huja na miayo, kamasi, kuharisha na mifupa kuuma. Inatesa sana, ila ni nadra kuua. Ya pombe ndiyo ya kuogopwa. Aliyekunywa kila siku kwa miaka akikatizwa ghafla anaweza kutetemeka, kupata degedege, kuona visivyokuwepo, hata kufa. Hayo si majini, na daktari anazo dawa za kumvusha salama.

Jambo jingine ambalo familia hazielezwi vya kutosha: aliyekaa wiki kadhaa bila unga, awe ametoka jela au kufungiwa nyumbani, mwili wake umesahau kipimo cha zamani. Akirudia kipimo kile kile, pumzi inaweza kukatika.

Ni kweli methadoni ni unga wa serikali?
Tunaelewa wasiwasi huo, kwani dawa hii ni ya jamii moja na heroini. Lakini hunywewa kwa kipimo cha daktari, mbele ya mhudumu, nayo huzuia arosto bila kumlewesha mtu. Kliniki iliyo karibu nasi ni ya Malindi, iliyoanza mwaka 2015.

Na muguka, yale majani ya kutafuna?
Mei 2024 Mombasa, Kilifi na Taita Taveta ziliupiga marufuku, kisha mahakama ikasimamisha amri za Mombasa na Kilifi. Hayo tuyaachie korti. Kiafya, muguka hukatiza usingizi, na kwa wengine huvuruga akili.

Tukitafuta msaada, tutashtakiwa?
Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inalinda siri za mgonjwa. Mraibu mwenyewe, mamake au jirani anaweza kupiga 1192, simu ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya. Haina malipo, mchana na usiku.