SOMO LA UFUNDI: KOMPRESA YA KIYOYOZI KUWA PAMPU YA UPEPO



Wanafunzi wapendwa na wazazi wetu, kila wiki malori hupita hapa Pugu yakileta ng'ombe mnadani. Lori kubwa likipungukiwa upepo kwenye tairi, dereva ana msaada karibu, kwa sababu injini yake ina kompresa inayojaza mitungi ya breki za upepo. Pikapu na gari dogo hazina kifaa hicho. Ndiyo maana baadhi ya mafundi huchukua kompresa ya kiyoyozi, au AC kama tulivyozoea kuiita, wakaifanya pampu ya upepo ndani ya gari. Kwa kuwa vijana wetu wengi wanajifunza kazi gereji, tulisome jambo hili pamoja na hatari zake.

Inavyofanya kazi

Kompresa ya kiyoyozi huzungushwa na mkanda wa injini. Ukibonyeza swichi, klachi ya sumaku hunasa, nayo huanza kuvuta gesi na kuibana. Ukiondoa mabomba ya gesi, ukafunga kichujio cha vumbi upande wa kuvuta na mtungi upande wa kusukuma, itabana hewa ya kawaida. Lakini kompresa moja haiwezi kufanya kazi zote mbili. Kwa hiyo hutumika ile ya gari ambalo kiyoyozi chake kimekufa, au hufungwa kompresa ya pili.

Mambo manne ya kuzingatia

Kwanza ni oili. Kompresa nyingi za magari hulainishwa na oili inayosafiri pamoja na gesi. Gesi ikiondoka, oili hairudi tena, na kompresa husagika hadi ikakwama. Zipo za pistoni za aina ya York zenye bakuli lao la oili, nazo hufaa zaidi. Nyingine lazima ziwekewe njia ya kupata oili. Pia oili hutoka na hewa, basi pawe na chombo cha kuichuja, kwani huharibu mpira wa tairi. Hewa hiyo si ya kuvuta puani.

Pili ni mtungi, na hapa ndipo penye roho za watu. Mtungi wa lita 20 uliojazwa hadi psi 100 umebeba hewa ambayo ikiachiwa huenea zaidi ya lita 150. Ukipasuka, hewa yote hiyo hutoka kwa mara moja, na vipande vya chuma huruka. Hivyo mtungi uwe uliotengenezwa kwa kazi ya upepo, usiwe wa kuunga-unga. Uwe na geji, swichi ya kuzima kompresa upepo ukitosha, na valvu ya usalama ya kutoa upepo swichi ikishindwa. Maji yanayojikusanya chini yamwagwe, kwani huozesha chuma kwa ndani, ambako jicho halifiki.

Tatu ni gesi. Isiachiliwe hewani. Huweza kugandisha ngozi na kuumiza macho. Gesi ya zamani, R12, huharibu tabaka la ozoni, ndiyo maana ikadhibitiwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. R134a iliyokuja baada yake huongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko uzito uleule wa hewa ya ukaa, na mwaka 2016 mataifa yalikubaliana mjini Kigali kupunguza gesi za namna hiyo. Fundi mwenye mashine aivute kwanza.

Nne, upepo huu ni wa matairi. Usiunganishwe kamwe na breki za lori.

Nasaha

Ndugu zangu, valvu ya usalama ni kitu kidogo, na mteja hawezi kujua kama imewekwa. Fundi ndiye anayejua, na Mola wake anamwona. Kijana anayeinama karibu na mtungi ule ni mtoto wa mtu. Ufundi ni amana, na dini yetu imetukataza kujidhuru na kuwadhuru wengine. Mzazi, mwanao akianza kazi gereji, muulize kuhusu valvu kabla hujamuuliza kuhusu posho.

Maswali

1. Kwa nini kompresa ya kiyoyozi hukosa oili gesi ikiondolewa?
2. Taja vitu vitatu vya lazima kwenye mtungi wa upepo.
3. Kwa nini maji humwagwa mtungini?